Foleni ya Mawe Mbele ya Kisiagi

Mwaka wa 1984 nilikuwa na miaka kumi na tisa, na huo ndio mwaka shida ilianza kuniita kwa jina. Kabla ya hapo nilikuwa maskini, lakini maskini katikati ya maskini, na hiyo huwezi kuiita shida, ni hali ya hewa tu. Mvua ya Machi haikuja. Kule Ruiru, nilikokuwa nikichuma kahawa kwa debe, matunda yalikauka mtini yakawa madogo kama mavi ya mbuzi, na msimamizi akatuambia twende nyumbani tutaitwa. Sijaitwa mpaka leo.

Mambo ya wazazi na ukoo sitaandika. Kila mtu ametoka mahali. Naandika kwa sababu wiki tatu zilizopita tulimzika Muthoni, na niliporudi kwangu hapa Kiuu nilikaa kwa kiti na viatu miguuni mpaka msichana anayenisaidia kazi akauliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, aendelee na vyombo. Kusema kweli nilikuwa nakumbuka chumba.

Chumba chenyewe kilikuwa Majengo, Thika, nyuma ya msikiti, na ukinyoosha mikono ungeshika ukuta huu na ule. Ukuta ulikuwa wa udongo uliopakwa simiti kwa mbele tu, upande ambao mwenye nyumba alipita. Kitanda kimoja cha mbao, jiko la makaa mlangoni, sufuria mbili, na kamba iliyotoka msumari hadi msumari ikiwa imejaa nepi. Tulikuwa wanawake wawili na mtoto. Muthoni alinizidi miaka mitatu. Tulijuana kwenye kahawa, tukichuma mstari mmoja, halafu yeye akapata kazi kiwanda cha nguo Thika, na mimi nikabaki. Kahawa ilipokataa nikamfuata na mfuko mmoja wa gunia. Aliponiona mlangoni hakuniuliza kitu. Alimsukuma mtoto katikati ya kitanda akasema, "Lala upande wa ukuta. Lakini ukikoroma nitakulipisha kodi." Mtoto alikuwa Wairimu, miezi mitano. Baba yake hatukumtaja kule, na hapa pia hana kazi.

Muthoni aliingia kiwandani saa kumi na mbili asubuhi akatoka saa nane mchana, na mtoto alibaki na jirani. Alirudi na nyuzi za pamba kichwani, kama mzee aliyeota mvi kwa siku moja, nami nilimtoa nyuzi hizo moja moja tukingoja ugali uive. Tuliitana mwari wa maitu, binti ya mama yangu, ingawa mama zetu hawakujuana. Mpishi nilikuwa mimi kwa sababu yeye alichoka, na nilikuwa mpishi mbaya. "Nyambura," aliniuliza siku moja akigonga ugali kwa kidole, "huu umeupika ama umeujenga?" Lakini alikula. Alikula akifunga macho kila tonge, hata kama mboga ilikuwa sukuma wiki ya juzi na chumvi. Nimekula hoteli kubwa tangu wakati ule, nimelipiwa na nimelipia watu, na sijaona tena mtu anayekula vile.

Kazi niliipata kwenye kisiagi cha Bi Mariamu, mashine ya kusaga unga, mwendo wa dakika tano kutoka chumbani. Bi Mariamu alizaliwa hapo hapo Majengo, babake mtu wa asili ya Sudani, mamake Mkamba, na ukimuuliza kabila alikujibu, "Kabila langu ni hii barabara." Alikuwa na injini ya dizeli iliyotingisha mabati ya jirani, na chumba cha nyuma cha magunia. Alinunua mahindi kwa lori kutoka Kitale, akauza mahindi, akasaga. Mimi nilifagia, nikamimina, nikapima kwa gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili. Jioni nilikuwa mweupe kwa unga na Muthoni mweupe kwa pamba, na watoto wa ploti walisema chumba chetu ni cha majini.

Ukame ulipoendelea, bei ya gorogoro ilianza kupanda kila wiki. Bi Mariamu aliiandika kwa chaki mlangoni, na wanawake wakaja kusoma chaki kabla ya kusalimia.

"Huyu anaweka bei akiangalia mawingu," mmoja alisema.

"Mawingu gani? Hata mawingu yamemkimbia."

"Amenenepa, hamuoni? Anakula tofauti ya bei."

Mimi nilisikia hayo nikifagia, na moyoni nilikuwa upande wao. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la tatu, na mtu aliyesoma kidogo anapenda haki kuliko aliyesoma sana, kwa sababu haki ndiyo hesabu ya pekee anayoweza kuifanya bila penseli. Niliona hivi: gunia ni lile lile, mkebe ni ule ule, mama ni yule yule mwenye njaa. Sasa bei inapanda kwa nini, kama si roho mbaya?

Ikaitishwa baraza kwenye uwanja wa msikiti. Walikuja wazee wa msikiti na wazee wa kanisa pamoja, jambo ambalo halikuonekana kila siku, na mwenyekiti alikuwa Mzee Gitonga, fundi cherehani, mtu mpole sana aliyependa neno "utu" kama wengine wanavyopenda ugoro. Walisema gorogoro irudi bei ya mwaka jana, bei ya utu, na atakayeuza zaidi tusimnunulie. Watu wakanyamaza, kwa sababu Bi Mariamu alikuwa ameketi pale pale mbele, mtandio umeteremka begani, na wengi walikuwa na deni la wema kwake. Ndipo nikasimama mimi. Mfanyakazi wake. Nikasema nimeona yale magunia ndani kwa macho yangu, yapo, kwa hivyo hakuna sababu ya mtu kulala njaa kando ya magunia. Walinipigia makofi. Muthoni alikuwa nyuma na mtoto mgongoni, na yeye alipiga makofi kuliko wote. Hilo nalikumbuka kuliko mengine.

Bi Mariamu alingoja makofi yaishe. "Mimi nitauza kwa bei yenu," alisema. "Lakini nani atakwenda kumwambia mwenye lori?"

"Mwambie ni njaa," mtu mmoja akasema.

"Anajua ni njaa. Ndiyo maana alikuja."

Mimi niliona ni maneno ya tajiri. Kesho yake asubuhi hakunifukuza, ingawa mimi leo ningemfukuza mfanyakazi wa hivyo. Alinipa ufunguo wa mlango. "Wewe uliyesimama," akasema, "basi simama mpaka mwisho. Utasimamia foleni."

Wiki ya kwanza ilikuwa harusi. Watu walinunua wakicheka. Alinunua mwenye njaa, na alinunua pia mwenye gunia chini ya kitanda, maana bei ya mwaka jana haikuuliza nani ana nini. Mama mmoja wa upande wa mto alinunua gorogoro tatu akarushia kuku. Nilipomuuliza alisema, "Kwa bei hii, na kuku ni watu." Chumbani tulikula ugali mkubwa siku sita mfululizo, na Muthoni akasema mimi nifanywe chifu, kisha akaniwekea sufuria kichwani iwe kofia yangu ya uchifu.

Wiki ya tatu lori halikusimama. Nililiona mwenyewe. Lilipunguza mwendo, dereva akatoa mkono dirishani akampungia Bi Mariamu kwa heshima zote, akaendelea na barabara kwenda Ruiru, ambako hakuna mtu alikuwa ameketi baraza. Bi Mariamu akampungia pia, akarudi ndani. Nikamuuliza kama hatamkimbilia.

"Nimkimbilie na nini?" alisema. "Lori halijui huruma, mwanangu. Linajua dizeli."

Kuanzia hapo mahindi yalikuja kidogo kidogo, gunia mbili, gunia moja, kwa mkokoteni, na foleni ikaanza kwa kweli. Na kwa sababu mtu hawezi kusimama kutoka alfajiri mpaka saa tatu, watu wakaanza kuweka mawe. Kila nyumba ilikuwa na jiwe lake. Hili lilikuwa na alama ya makaa, lile limefungwa kamba. Aliyekosa jiwe aliweka ndala moja, ama beseni lililotoboka. Ukipita barabara ile kabla ya jua ungeona mstari wa vitu hivyo kutoka mlango wa kisiagi mpaka kona ya msikiti, vimetulia, vinangoja unga. Sasa wajanja walianza kuweka mawe matano matano. Kamati ikakaa tena ikatoa sheria: jiwe si mtu. Mlango ukifunguliwa, jiwe lisilo na mwenyewe kando yake linatupwa mtaroni. Na wa kutupa ni mimi, nami nisinunue, maana anayepima hapangi foleni.

Nilijivunia ile kazi. Sina haja ya kuficha. Msichana wa darasa la tatu, na wanaume wazima walikuwa wakinisihi, "Dada, ngoja kidogo, mwenye jiwe ameenda choo." Sikungoja. Nilisema sheria ni moja kwa kila mtu. Nilijiona nimesimama mahali safi.

Kitu ambacho sikukiona, na kilikuwa mbele ya pua, ni nani alikuwa kwenye foleni. Kwenye foleni walikuwa watu wenye asubuhi. Vijana wasio na kazi, wanaume wasio na mke wala mtoto, mzee mmoja aliyekuwa na pensheni na hana la kufanya. Walipata gorogoro yao kwa bei ya utu, wakazunguka nyuma ya msikiti, wakaiuza kwa bei kubwa kuliko ile ya chaki tuliyoilaani. Bei tulidhani tumeiua. Ilikuwa imehama tu, imetoka mlangoni kwa Bi Mariamu ikaenda mfukoni kwa mtu aliyejua kuamka mapema, na tofauti ni kwamba Bi Mariamu alikuwa akirudisha pesa kwa lori, na huyu alirudisha kwa pombe ya chang'aa. Na waliokosa ni nani? Mgonjwa. Mjane mwenye mguu mmoja. Na mtu aliyetakiwa kuwa ndani ya lango la kiwanda saa kumi na mbili.

Muthoni alianza kwa upole. Nilikuwa nakuna nazi ya mtu, kibarua kidogo cha Jumapili, naye ananyonyesha kitandani.

"Mwari wa maitu," alisema, "niwekee gorogoro moja chini ya lile debe la pumba. Nitaichukua saa nane. Nitalipa kama wengine."

"Siwezi. Watu wananiangalia."

"Watu hawali unga wangu."

"Nikikuwekea wewe, kesho nimwekee nani?"

"Mimi sikuulizi habari ya kesho. Nakuuliza habari ya huyu," akamgusa mtoto kichwa. "Maziwa yanapungua, Nyambura."

Nilisema ikiwa kila mtu anayeishi chumba kimoja na mtu wa kisiagi atawekewa, basi turudi kwa ufisadi tu. Neno hilo, ufisadi, nililitoa kwa Mzee Gitonga, na lilikuwa tamu mdomoni. Muthoni akamhamishia mtoto titi la pili. Halafu akacheka kidogo, akasema, "Haya, chifu."

Kesho yake alipita kisiagini gizani akienda kazini akaweka jiwe. Nililijua mara moja. Alikuwa amelifunga kitambaa cha pamba, ukingo wa kitambaa cha kiwandani, chekundu, ambacho mimi mwenyewe nilikuwa nikifungia nywele. Lilikuwa la nne kutoka mlangoni. Nadhani aliamini nitaliacha. Hakuwa ameniomba nivunje sheria mara hii. Alikuwa amenipa nafasi ya kufumba jicho, na hiyo ni heshima kubwa mtu kukupa. Nikafungua mlango saa tatu. Watu walisimama kila mmoja kando ya jiwe lake. Mwanamke wa tano akasema, "Hilo la kitambaa ni la nani?"

Nilikuwa na pumzi moja ya kusema ni langu. Ningesema ni langu, na gorogoro moja ingetoka, na hakuna mtu Thika nzima angekufa. Nikasema, "Halina mtu." Nikaliokota, nikalitupa mtaroni. Nikasikia likigonga jiwe jingine.

Siku hiyo nilirudi chumbani mapema. Muthoni alirudi saa nane, na jirani alikuwa amemwambia kabla hajafika mlangoni. Nilingoja matusi. Nilikuwa nimetengeneza majibu. Alivua leso, akaosha mikono, akapika uji wa pumba, pumba niliyoileta mimi bure kwa sababu ya kazi yangu, akagawa vikombe viwili sawa. Tulikunywa. Yeye alikunywa macho wazi, akiangalia ukuta. Nyuzi za pamba zilikuwa kichwani na sikujua kama bado naruhusiwa kuzitoa.

Wiki iliyofuata alianza kukosa kazi ili asimame foleni. Alisimama mbele yangu na mtoto mgongoni na nikampimia kama mgeni, na yeye akasema asante kama mgeni. Kiwandani hawajui mawe. Wanajua lango na saa. Asubuhi ya nne aliyokosa, jina lake lilikuwa limeondolewa. Kwa hivyo hesabu ya bei ya utu kwa Muthoni ilikuwa hivi: alipata gorogoro nne za bei rahisi, akazilipia kwa mshahara wote.

Aliondoka Jumamosi. Alikuwa na shangazi Witeithie, auzaye mboga kando ya barabara. Alikunja nepi, akaniachia sufuria moja, akachukua nyingine. Nilisimama mlangoni na mikono yangu ikiwa haina kazi.

"Nilitaka iwe haki," nikamwambia.

"Ilikuwa haki," alisema. "Ndiyo maana naenda."

Mtoto alikuwa amelala na hakuniangalia. Nililala kitanda kizima usiku ule na sikujua mtu hufanya nini na nafasi yote ile.

Siku chache baadaye magunia yaliisha kabisa. Injini ilikuwa baridi. Nilikuwa nafagia sakafu ambayo haikuwa na kitu, na Bi Mariamu ameketi juu ya debe lililopinduliwa akihesabu tasbihi yake. Akaniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikamwambia. Hakuniambia pole.

"Wewe ulitaka kumsaidia maskini," akasema, "ukamsaidia mwenye miguu."

Nikaanza kulia. Aliacha nilie, kisha akanipa hotuba ya pekee niliyowahi kuisikiliza mpaka mwisho, na haikuzidi dakika mbili. Alisema bei ina kazi yake, kazi yake ni kumwita mwenye mahindi aliye mbali, na ukiifunga mdomo atapita kama yule dereva. Alisema maskini naye ana haki yake, lakini haki ya maskini usiifunge kwa shingo ya bei, zitakufa zote mbili. "Bei iache izungumze na lori," alisema. "Sisi tuzungumze na wenye njaa, mmoja mmoja, kwa majina. Ni kazi zaidi. Ndiyo maana watu hawaipendi."

Akaenda kwa Mzee Gitonga yeye mwenyewe, na nikaenda naye nikiwa nimebeba kiti chake. Gitonga alikuwa amekonda. Alikuwa mtu wa haki kuliko mimi, maana alisema mbele ya wazee wote, "Tulikosea," na kwa wazee wa wakati huo neno hilo lilikuwa kama kung'oa jino. Wakafungua bei. Halafu zaka ya msikiti na sadaka ya kanisa zikawekwa pamoja, na wanawake wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, wakapita nyumba kwa nyumba kuona nani hana. Kila aliyeonekana hana alipewa vifuniko vya soda vilivyopigwa nyundo vikalala bapa na kutobolewa msumari matundu mawili. Kifuniko kimoja, gorogoro moja, saa yoyote mlango uko wazi, bila foleni, na Bi Mariamu alilipwa bei yake ya chaki kutoka kwa ile zaka na sadaka. Nilitoboa matundu hayo mimi. Nilijipiga kidole mara mbili.

Wiki ya pili lori lilisimama. Ya tatu yakaja mawili siku moja, madereva wakatukanana mama zao getini, kila mmoja akitaka kushusha kwanza, na Bi Mariamu akatoka na chaki akafuta, akaandika bei ya chini mbele ya macho yao. Hakuna mtu alikuwa ameitisha baraza.

Nilichukua vifuniko vinne nikaenda Witeithie kwa miguu. Nilimkuta Muthoni kwenye meza ya mboga, mtoto ndani ya katoni. Niliweka vifuniko mbele yake.

"Umetoka Thika kuniletea vifuniko vya soda?"

"Ukivipeleka unapewa unga. Kila kimoja gorogoro."

"Wapi?"

"Kwa Bi Mariamu."

"Nauli ya gari kwenda na kurudi ni zaidi ya gorogoro," Muthoni alisema. "Hesabu hiyo hata wewe unaiweza." Hakuwa na hasira. Alikuwa akifunga sukuma wiki, majani sita sita, na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Mteja akaja, akamhudumia. Mwingine akaja. Nilisimama pale kama jiwe lisilo na mwenyewe, kisha nikasema nitaleta unga wenyewe Jumapili. Akasema, "Sawa."

Sikupeleka. Jumapili hiyo nilikuwa na kazi. Ile nyingine pia. Kiburi hakikwambii usiende. Kinakwambia utaenda wiki ijayo, ukiwa na viatu vizuri zaidi. Miaka ikapita kati ya Kiuu na Witeithie, mahali ambapo ukiwa na gari unafika kabla ya chai kupoa.

Mjukuu wangu anasoma uchumi chuo kikuu. Mwezi wa nne alinichorea mistari miwili, mmoja unapanda, mwingine unashuka, akasema pale inapokutana ndipo bei. Nikamwambia hiyo naijua, niliiona ikitukanana getini. Nikamuuliza Muthoni yuko wapi kwa mchoro. Akasema, "Shosho, Muthoni haonekani hapo." Nikamwambia basi endelea kusoma, bado hujamaliza. Na mwaka jana wapangaji wa huku Kiuu walikuwa na mkutano, vijana wenye maneno, wakataka kodi ya chumba ifungwe isipande kamwe. Nilisimama tena, uzee huu, nikapinga. Kijana mmoja akasema, "Si wewe ni landlady? Lazima useme hivyo." Ni kweli, mimi ni landlady, na kodi ikifungwa naumia, sitadanganya mtu. Nikamwambia nitaacha kujenga, na wenzangu pia, na chumba kitakachobaki kitapewa mwenye mjomba wa kumsemea. Kisha nikawauliza nani kati yao hawezi kulipa mwezi huo, waseme kwa majina. Baadaye wanne walikuja mlangoni kwangu mmoja mmoja. Hao tulizungumza nao.

Mazishi yalikuwa Witeithie, kwenye shamba dogo nyuma ya nyumba ya mawe ambayo Muthoni alijenga kwa mboga, chumba kimoja baada ya kingine. Nilikaa viti vya nyuma. Watu walipokuwa wanakula, mwanamke mmoja aliyevaa miwani alikuja na sahani mbili, akaketi kando yangu bila kuuliza. Uso ulikuwa wa mamake, isipokuwa kidevu. Anakaa Membley, ana watoto wawili, ni mwalimu.

"Wewe ndiye Nyambura wa Majengo," Wairimu akasema.

"Nani alikwambia?"

"Mama alikuwa na picha yako kichwani. Alisema mrefu, mkali, na hakai viti vya mbele." Akanipa sahani. "Alisema nilijifunza kukaa ndani ya karai la pumba. Ati ni wewe ulinikalisha, ukakaa kunitazama mpaka ukachelewa kazini."

Hilo nilikuwa nimelisahau. Nimebeba jiwe lile miaka arobaini, na hilo la karai nililisahau kabisa, na yeye ndiye alikuwa amelitunza. Nikauliza kama Muthoni aliwahi kusema jambo jingine juu yangu. Wairimu alifikiri, mtu mkweli, hakutaka kunidanganya mbele ya kaburi.

"Alisema utakuja," akasema. "Alipokuwa mgonjwa aliacha kusema."

Nimeandika haya kwa mkono wangu, na makosa ya herufi ni yangu pia. Sasa niweke nilivyo navyo, watu wasibahatishe. Niko na ploti hapa Kiuu, vyumba ishirini na viwili, maji ndani, hakuna mpangaji anayepanga foleni ya bomba. Niko na visiagi viwili, kimoja Githurai, kimoja Thika. Niko na pikapu moja ya kubeba magunia, na tangi la maji la lita elfu kumi. Ng'ombe watatu, mmoja ana mimba. Watoto wanne, wote wamesoma kunipita, na sina deni la mtu wala benki. Na niko na kipande cha ardhi Witeithie, futi hamsini kwa mia, kinachopakana na ua wa Muthoni. Nilikinunua miaka kumi na tisa iliyopita. Dalali alinitajia bei ambayo ilikuwa karibu mara mbili ya majirani, na kila mtu anayejua ardhi aliniambia nimwache, na mimi, ambaye sijawahi kununua hata kitunguu bila kupunguziwa, nilimlipa siku hiyo hiyo. Sijajenga kitu. Hakuna hata mlango kwenye ule ua.